Jinsi ya kuingiza uendelevu kwenye kozi yako ya chuo bila kuongeza hata lekcha moja (mwongozo kamili kwa walimu wa fani zote)

Uendelevu kwenye vyuo vyetu mara nyingi unafundishwa hivi: wiki ya 14, wanafunzi washaanza kusaka madesa ya UE (mtihani wa mwisho wa semista), mwalimu anaweka slaidi kumi za mabadiliko ya tabianchi, mojawapo ina picha ya dubu kwenye barafu (dubu, Morogoro!), anamalizia kwa kusema tupande miti. Wanafunzi wanasikiliza kwa heshima halafu mmoja nyuma kule ananyoosha mkono, "mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Ukisema haitoki, daftari zinafungwa na huwezi kuwalaumu. Mada imewekwa kama kachumbari pembeni ya sahani, wa kula atakula.

Mimi nashika njia nyingine na ndiyo nitakayoieleza hapa. Usianze na mada, anza na mtihani. Mwanafunzi anasoma anachopimwa nacho, hilo halijabadilika tangu vyuo vianze, kwahiyo ukibadilisha swali lako la uhasibu au la kalavati au la kesi, umebadilisha kozi nzima bila kugusa ratiba.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini

Kwa ajili ya barua za idara, maneno rasmi yapo. Tume ya Brundtland mwaka 1987 ilisema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ukapitisha malengo 17, na shabaha 4.7 ndiyo inayosema kila anayesoma apate maarifa na ujuzi wa maendeleo endelevu. Weka hayo kwenye barua, darasani achana nayo kwanza, manake mwanafunzi atayakariri na hutapata kitu.

Darasani nina maswali manne tu na yanaingia fani yoyote ile: nani analipa, mpaka lini, kikiisha kazi kinakwenda wapi, na nani hakuulizwa. Basi. Hayo manne ukiyabandika juu ya swali lolote la zamani utaona lenyewe linaanza kufunguka.

Na kama unajiambia "mimi siyo mtu wa mazingira", kumbuka Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa kwenye utafiti wa kupe wanaoleta ndigana kali, huko vijijini akaona ng'ombe wamekonda, majani hakuna, mito imejaa tope, ndipo akaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwa ya kupe tena. Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ikaanza 1977. Aliingilia kwenye fani yake mwenyewe, na wewe ingilia hapohapo ulipo.

Hatua ya 1: Toa mitihani yako ya miaka mitatu

Silabasi iache kabatini, silabasi zetu zina maneno mazuri ambayo hayajawahi kuulizwa. Chukua karatasi za UE na testi za miaka mitatu, kalamu nyekundu, pitia kila swali ukiuliza: hapa kuna kitu kinatumika kinaisha? Kuna gharama inaangukia mtu asiyekuwepo kwenye swali? Kuna muda umetajwa, miaka kadhaa mbele? Weka alama pembeni.

Utashangaa. Uhasibu una gharama za kufunga mgodi. Hisabati ina logistiki ya ukuaji wa viumbe. Sheria ina haki ya kuishi. Fizikia ina joto. Vitu vipo tayari, ila vimeulizwa kwa namna ambayo mwanafunzi anapiga hesabu, anapata namba, anahamia swali linalofuata bila kujua namba ile ni ya nani. Chagua maswali mawili tu kwa kozi moja, ukitaka kubadilisha yote semista moja utachoka na utarudi kwenye dubu.

Hatua ya 2: Tafuta kisa kimoja cha karibu, ukikamue

Hapa ndipo walimu wengi tunakosea njia, tunachukua kisa cha Uholanzi kwa sababu kipo kwenye kitabu. Chukua cha jirani. Kwa Dar mimi sioni kisa kinachozidi dampo.

Miaka ya 80 jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata, katikati ya makazi ya watu, moshi, nzi, harufu. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, ndiyo kesi ya mwaka 1988 inayojulikana kama ya Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akakataa, akaiunganisha na haki ya kuishi iliyopo ibara ya 14 ya Katiba, na akashangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua. Haya, taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi yao, ya mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, leo zinakwenda Pugu Kinyamwezi.

Sasa angalia kisa hicho kimoja kinavyogawanyika. Mwalimu wa sheria anauliza kama ushindi wa Tabata ulimlinda mtu wa Mtongani au ulimhamishia mzigo. Wa uhandisi anauliza maji machafu yanayochuruzika chini ya taka yanakwenda wapi na kisima kilicho karibu kipo usawa gani. Wa usafirishaji anapiga lita za dizeli kwa kila lori linalozidi kwenda mbali. Wa uchumi ana bei za viwanja kabla na baada. Wa sosholojia ana waokota chupa, ambao dampo kwao ni ofisi, na hao hakuna anayewauliza dampo likifungwa. Ukiwa na wenzako watatu wa idara tofauti mnaotumia kisa hichohicho semista moja, wanafunzi wataanza kubishana wao kwa wao kwenye vimbweta, na mabishano hayo yana faida kuliko slaidi zangu zote.

Haupo Dar? Mwanza una sangara. Zanzibar una mwani, kilimo kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 80 na kimebebwa na wanawake, kuna spinosum na kuna cottonii, cottonii ndiyo yenye bei nzuri na ndiyo inayokufa maji ya kina kifupi yakipata joto, kwahiyo swali la biolojia na swali la kipato cha familia ni swali moja. Morogoro una milima ya Uluguru inakoanzia Ruvu, maji ambayo Dar inakunywa. Dodoma una visima vya Makutupora na mji unaokua kila siku juu yake.

Hatua ya 3: Andika upya swali (hapa kaa sana)

Nitaonyesha la uhasibu kwa sababu watu wanadhani huko hakuna nafasi.

Swali la zamani: kampuni ya mgodi inatarajia kutumia shilingi bilioni 10 kufukia shimo na kurudishia ardhi baada ya miaka 15, kiwango cha diskaunti 8%, kokotoa provisheni (deni la baadaye linaloandikwa vitabuni leo) kwa mujibu wa IAS 37, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusu madeni ya namna hiyo. Jibu ni kama bilioni 3.15. Mwanafunzi anaandika, anapiga mstari mara mbili chini, alama nne.

Swali jipya: (a) hilohilo. (b) Menejimenti inataka kutumia 12%, kokotoa tena. Jibu linashuka mpaka bilioni 1.83 hivi. Shimo ni lilelile, katapila zile zile, ila kwenye vitabu deni limepungua kwa zaidi ya bilioni moja na milioni mia tatu. (c) Mwaka wa 9 mgodi unauzwa kwa kampuni ndogo. Andika memo ya ukurasa mmoja kwa bodi: kiwango kipi unaweza kukitetea kwa kutumia maneno ya IAS 37 yenyewe, na mwaka wa 15 mnunuzi akifilisika, nani anabaki na shimo?

Umeona, hakuna neno mazingira hata moja kwenye swali hilo na mwanafunzi hawezi kulijibu bila kufikiria kijiji kilicho pembeni ya mgodi. Na bado ni uhasibu mtupu, mtahini wa nje hana pa kushika.

La uhandisi ujenzi. Zamani: sanifu kalavati kwa mvua ya kipindi cha kujirudia cha miaka 10, yaani mvua ambayo kila mwaka ina uwezekano wa 1 kwa 10 wa kufikiwa au kuzidiwa. Ongeza kipengele kimoja tu: kalavati litakaa miaka 20, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ni ngapi? Anachukua 0.9 kipeo 20, anatoa kwenye moja, anapata kama 88%. Akirudia kwa mvua ya miaka 50 anapata 33%. Kisha muulize ni nani aliyekubali ile 88%, aliulizwa lini, na kama rekodi za mvua zilizotumika ni za zamani hesabu inaelekea upande gani. Dar hakuna mwanafunzi asiyeijua Jangwani na karakana ya mwendokasi iliyowekwa bondeni mwa Msimbazi, kwahiyo huna haja ya kuhubiri.

Hisabati: sangara wanaokua kilogistiki na kuvuliwa kwa kiwango H kila mwaka. Wanafunzi wataonyesha kwamba H ikizidi rK/4 (r ni kasi ya kuongezeka, K ni kiasi cha juu cha samaki ambacho ziwa linaweza kubeba) hakuna pa kutulia, samaki wanaisha, haijalishi ulianza na wangapi. Baada ya hapo swali la ziada: sisi hatuijui K vizuri, je uweke H karibu na rK/4 au mbali nayo, na hasara ya kukosea kila upande inamwangukia nani?

Fani nyingine nizipitie haraka. Udaktari, kwenye kuchukua historia ya mgonjwa wa kifua ongeza maswali mawili, unapikia nini na unapikia wapi, yapewe alama kwenye mtihani wa vitendo. Tafsiri, achana na vifungu vya magazeti, wape muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira ulioandikwa Kiingereza waulete kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa serikali ya kijiji atakielewa, halafu wamsomee mtu halisi na waandike alipokwama. Kompyuta, programu lazima ifanye kazi kwenye simu ya zamani yenye memori ndogo na isile bando, manake programu nzito ndiyo inayomlazimisha mtu kutupa simu nzima. Uchumi mna zuio la mifuko ya plastiki, Bara lilianza tarehe 1 Juni 2019, Kenya Agosti 2017, Rwanda 2008, linganisheni, na msiishie kwenye mifuko, muulizeni muuza ubuyu na muuza barafu anafungia nini sasa hivi na kwa bei gani.

Hatua ya 4: Alama, na kauli mbiu zipigwe marufuku

Vyuo vyetu vingi alama za muhula ni 40 na UE ni 60. Ushauri wangu weka 10 kwenye zile 40, na kipengele kimoja kwenye swali la lazima la UE. Likiwa swali la kuchagua watalikwepa wote, najua na wewe unajua.

Mgawanyo wa zile 10 naupenda hivi: 4 kwa hesabu au hoja ya fani yenyewe, 3 kwa kusema nani analipa na mpaka lini, 2 kwa data aliyoitafuta mwenyewe, 1 kwa kukiri jibu lake linaishia wapi. Na uwaambie mapema kwamba sentensi kama "tunapaswa kutunza mazingira kwa vizazi vijavyo" haina alama hata robo. Mwanzoni watalalamika, maana shule ya msingi mpaka sekondari insha zilikuwa zinabebwa na sentensi hizo.

Hizo 2 za data ya mwenyewe zina kazi nyingine. ChatGPT itaandika insha ya uendelevu safi kabisa, ila haijui gunia la mkaa pale kwa mangi nje ya geti ni bei gani leo.

Kitu kimoja tafadhali: ukiongeza, toa. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kozi ya krediti 12 ni saa 120, na humo mna lekcha, semina, kujisomea na mitihani. Asaimenti mpya ya saa 12 inabidi ile asaimenti ya zamani ife. Mwanafunzi ana kozi tano au sita na kila mwalimu anadhani yake ndiyo pekee.

Hatua ya 5: Darasa la watu 300

Makala nyingi za nje zinasema wagawe wanafunzi wanne wanne mzunguke meza. Meza zipi? Sisi tuna ukumbi wenye watu mpaka kwenye ngazi na maiki inayokatika.

Kwahiyo: vikundi vya watu 8 mpaka 10, uvipange wewe kwa kuchanganya namba za usajili, ukiwaachia wenyewe watajipanga kwa marafiki na wale wa fildi moja. Kila kikundi kipe kipande tofauti cha kisa, hawa Tabata, hawa Mtongani, hawa Pugu, ili kudesa kusiwe na maana. CR (kiongozi wa darasa) akusanye kazi, siyo wewe. Siku ya kuwasilisha usiwasikilize wote, hutamaliza, chagua kikundi kwa kuchomoa karatasi na ndani ya kikundi mchomoe mtu, dakika tatu, aeleze. Wakijua hawajui nani atachomolewa, wote wanasoma.

Mategemeo makubwa yapo kwa TA (walimu wasaidizi) wanaoendesha semina. Kaa nao saa moja kabla, wape majibu matatu ya mfano, zuri, la wastani na lile la kauli mbiu tupu, wasahihishe mbele yako, mlinganishe. Usipofanya hivyo TA mmoja atagawa tisa tisa na mwingine nne nne, na utaletewa foleni ya rufaa mlangoni.

Hatua ya 6: Tumia chuo chenyewe

Fildi ni gharama na bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) linachelewa, lakini chuo kina jiko, bili ya maji, jenereta na jalala. Anza na jiko la kafeteria, kwangu hilo ndilo zoezi lenye faida kuliko yote.

Sufuria ya lita 40 za maji, kutoka nyuzi 25 mpaka 100, inahitaji kama megajuli 12.6. Mkaa una kama megajuli 29 kwa kilo, jiko la kawaida likipeleka 20% tu kwenye sufuria, unahitaji kilo 2.2 hivi za mkaa kuchemsha tu, maharage bado hayajaingia. Gesi ina kama megajuli 46 kwa kilo, kwa ufanisi wa 50% ni kilo 0.55. Umeme kwa ufanisi wa 80% ni uniti 4.4. Baada ya hapo rudi nyuma: tanuri la udongo la kienyeji linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwahiyo zile 2.2 ni kilo 11 mpaka 22 za mti. Wanafunzi wa fizikia wapime hizo asilimia kweli kwa mzani na kipimajoto, nilizoweka mimi ni za kuanzia tu. Wa biashara waweke bei za wiki hii. Wa sera wachukue mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024, unaotaka 80% ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, waulize mpishi huyu anahitaji nini ili ahame na mtaji unatoka wapi.

Angalizo, kibali kwanza. Andika barua utawala wiki tatu kabla, na kaa na mzabuni wa kafeteria mwenyewe umweleze, manake ukituma wanafunzi 30 na mizani jikoni kwake atadhani anachunguzwa ili anyang'anywe tenda, atawafukuza au atawapa namba za uongo, na ya uongo ni mbaya zaidi. Mwahidi jina halitaandikwa na matokeo ataonyeshwa yeye wa kwanza. Wanafunzi wasiguse jenereta wala wasichambue jalala mikono mitupu.

Hatua ya 7: Karatasi na wazee wa idara

Kubadilisha mifano, asaimenti na maswali ndani ya matokeo ya kujifunza yaliyokwisha pitishwa ni kazi yako mwalimu, mwambie mkuu wa idara, weka kwenye mpango wa kozi, pitisha mtihani kwenye uhakiki kama kawaida. Ukitaka kuandika tokeo jipya la kujifunza au kubadilisha krediti, hapo ni idara, kitivo, Seneti, na huo ni mwendo mrefu, kwahiyo subiri mtaala unapopitiwa upya uingie na mzigo wako tayari.

Kutakuwa na mzee mmoja atakayesema "hii siyo fizikia". Usibishane naye kwa falsafa, mwekee lile swali la sufuria mezani umuulize kipengele gani siyo fizikia. Mwingine atasema haya ni ya watu wa Development Studies. Hao wana kozi yao ya lazima mwaka wa kwanza na wanaifanya vizuri, waalike mshirikiane kisa, ila mwanafunzi wa uhandisi akiyasikia huko tu atajua ni mambo ya kozi ya pembeni, akiyakuta kwenye kalavati ndiyo atajua ni kazi yake.

Mwisho wa semista weka faili moja: swali la zamani na jipya, mwongozo wa kusahihishia, nakala za kazi chache ulizofuta majina, wastani wa alama wa kipengele hicho, na maoni ya mtahini wa nje kama yapo. Nakala moja iwe yako na nyingine ya idara, kwa sababu wewe utaenda masomoni au utahamishwa, na atakayeachiwa kozi akikosa faili hiyo atafungua kompyuta ya idara na kuokota slaidi za 2011.